Mwacheni Shahidi Amalize Kusema

Mada ya leo ni ya falsafa, lakini msiikimbie, kwa maana mmekwisha kuisikia mara nyingi: kwenye mihadhara ya barabarani, kwenye mikutano ya injili, madrasa, hata katika mafundisho ya kipaimara. Ni ile hoja isemayo kwamba ulimwengu umepangika. Kitu hakipangiki bila mpangaji. Basi Mungu yupo. Wanafalsafa huiita hoja ya usanifu.

Waliopita madrasa watakikumbuka kisa kinachosimuliwa juu ya Imamu Abu Hanifa, mwanachuoni wa Iraki wa karne ya 8. Inasemekana alipangiwa mjadala na watu wasioamini kuwapo kwa Mungu, naye akachelewa kwa makusudi. Alipofika akawaomba radhi: nilikosa chombo cha kuvukia mto, akasema, nikasimama ukingoni, mara mti ukaanguka wenyewe, ukajipasua mbao, mbao zikajipanga na kujigongomea, ikawa mashua, nikapanda nikavuka. Wale wakacheka, mzee huyu ana akili timamu? Naye akawauliza: ikiwa mashua moja haiwezi kujiunda, mbingu na ardhi zimejiundaje? Mjadala ukaishia hapo.

Waingereza nao wana kisa chao. Mwaka 1802 kasisi wa Kianglikana, William Paley, alitoa kitabu kuhusu elimu ya Mungu itokanayo na maumbile. Anasema, ukipita nyikani ukajikwaa kwenye jiwe, hutajisumbua kuuliza limetoka wapi. Lakini ukiokota saa ya mfukoni, ukaifungua, ukaona magurudumu yalivyoshikana meno na springi inavyoyasukuma, hutasita kusema kwamba saa hii ina mtu aliyeitengeneza. Basi tazama jicho, asema Paley, ambalo kwa ufundi linaishinda darubini yoyote. Na kabla ya Paley, katika karne ya 12, Ibn Rushd wa Andalusia aliona kwamba kumjua Mungu kwa kutazama jinsi vitu vilivyomfaa binadamu ni njia bora kuliko hoja za wanakalamu, yaani wanatheolojia wa Kiislamu, wa zama zake.

Kwa hiyo hoja hii ni kongwe, ina wazee wenye heshima, tena haihitaji shule. Mkulima anaielewa sawa na profesa. Lakini jioni hii nataka tuwasikilize walioipinga, na kabla hatujaanza nawaomba mshike jambo moja. Kuipinga hoja si kumpinga Mungu. Kesi yaweza kuwa ya haki kabisa, na wakili akaiendesha vibaya.

Na hii hasa ni kesi. Hoja ya usanifu inamwita ulimwengu kizimbani, inamwambia: toa ushahidi juu ya aliyekuumba. Sasa desturi ya mahakama tunaijua. Shahidi uliyemleta mwenyewe, upande wa pili una haki ya kumhoji, naye atasema yote anayoyajua, yakufae yasikufae. Karibu mapingamizi yote ya maana yaliyowahi kutolewa dhidi ya hoja hii yanakuja kwenye neno hilo: mwacheni shahidi amalize kusema.

Aliyemhoji shahidi huyu kwa ukali kuliko wote ni David Hume, mwanafalsafa wa Edinburgh, Uskoti. Alianza kuandika kitabu chake cha mazungumzo kuhusu dini ya asili karibu na mwaka 1750, akakificha kabatini. Marafiki walimsihi asikichapishe. Hata Adam Smith, yule baba wa elimu ya uchumi, aliyekuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, hakutaka kuubeba mzigo wa kukitoa. Hume alifariki mwaka 1776. Kitabu kikatoka 1779 kwa mkono wa mtoto wa kaka yake. Pigeni hesabu, wasikilizaji: Paley anaokota saa yake miaka 23 baada ya Hume kuiuliza maswali.

Katika kitabu hicho wanaongea watu watatu. Cleanthes anaitetea hoja ya usanifu. Demea ni mcha Mungu wa msimamo wa zamani. Philo ni mwenye kushuku kila kitu. Na Philo, kama vile alikisikia kisa cha Abu Hanifa, anazungumzia chombo cha majini.

Msikilizaji wa Lamu au wa Nungwi atamwelewa upesi. Nenda Matondoni, huko Lamu, ukamtazame fundi wa jahazi akiwa kazini. Mbele yake hakuna mchoro wa karatasi. Amelaza mkuku, anasimamisha mataruma, anazikunja mbao zifuate ubavu, kisha pamba ya kalafati inashindiliwa kwenye kila ufa. Ukiliona jahazi limekwisha, utasema fundi huyu ni bingwa, na ni bingwa kweli. Lakini muulize umbo lile alilibuni nani. Atakwambia amelikuta kwa wazee, na wazee walilikuta kwa wazee wao. Nyuma ya jahazi moja wako mafundi wasiohesabika, waliojaribu wakakosea, na vyombo vilivyoundwa vibaya vikaishia baharini. Aliyelisimamisha la leo si lazima ajue kwa nini ubavu ukikunjwa hivi chombo hakipinduki.

Hapo ndipo Philo anapomhoji shahidi. Umesema chombo kina fundi, vema. Fundi huyo ni mmoja au ni wengi? Alibuni mwenyewe au aliiga? Alipatia mara ya kwanza, au ulimwengu huu ni wa mwisho katika msururu wa majaribio yaliyoharibika? Yu hai bado, au alikwisha kufa zamani akaacha kazi yake inajiendea? Je, ni fundi mchanga anayejifunza, akaona haya akaitupa kazi? Hume hakuyaamini hayo hata moja. Alikuwa akionyesha kwamba ukishaanza kufananisha ulimwengu na kazi ya mikono ya watu, huna tena mahali pa kusimama useme basi, hapa mfano umekoma. Mashua ya Abu Hanifa inathibitisha kwamba mashua haijiundi. Haithibitishi kwamba fundi ni mmoja, wala kwamba anajua yote, wala kwamba ni mwema. Na sifa hizo tatu ndizo tunazoziungama msikitini na kanisani.

Pingamizi la pili la Hume linachimba chini zaidi. Sisi tunajuaje kwamba mashua ina fundi? Tunajua kwa sababu tumeona mashua zikiundwa, na hatujaona hata moja ikiota. Ni uzoefu unaosema, mantiki inafuata. Lakini ulimwengu tunao mmoja tu, tuko ndani yake, na hakuna aliyeona mwingine ukianzishwa hata apate cha kulinganisha. Tena, asema Philo, mbona mnakimbilia saa? Duniani kuna vitu vingi vyenye mpangilio ambavyo hatuoni mkono ukivipanga: mbegu inatoa mti, yai linatoa kifaranga. Kwa kuutazama tu, ulimwengu unafanana zaidi na kiumbe au mmea kuliko na mashine. Mtetezi atajibu kwamba hata mbegu imesanifiwa. Inawezekana, lakini hilo ndilo lililokuwa likitafutwa, na huwezi kulitumia kama ushahidi wa lenyewe.

Immanuel Kant, mwaka 1781, aliongeza neno moja zito, nalo tutalipitia haraka. Aliiheshimu hoja hii, akasema ndiyo kongwe na iliyo wazi kuliko zote. Ila tuikubali yote, asema, bado itatupa mjenzi anayepanga vifaa alivyovikuta. Haitupi muumba aliyeviumba vifaa vyenyewe pasipo na kitu. Ni fundi, si Mola.

Hata hivyo, wasikilizaji, tumtendee haki Paley. Hume alibomoa bila kujenga. Mtu aliyemsoma mwaka 1802 angeweza kumwambia: maneno yako mazuri, lakini jicho hili limetoka wapi? Kulikuwa na majibu mawili tu mezani: ama limejitokea kwa bahati, ama limetengenezwa. Bahati haiingii akilini, basi limetengenezwa. Na kijana mmoja aliyekuwa akisoma Cambridge alimsoma Paley kwa furaha kubwa, akaikubali hoja yake. Kijana huyo ni Charles Darwin, na mwaka 1859 alileta jibu la tatu.

Mfano wa jibu hilo tunao hapa nyumbani, ndani ya damu zetu. Kuna ugonjwa wa selimundu. Herufi moja tu katika maelekezo ya kutengeneza hemoglobini imebadilika, na kwa mwenye ugonjwa, chembe nyekundu za damu zinaacha umbo lake la mviringo na kujikunja kama mundu. Zinanasa kwenye mishipa, mtoto analia kwa maumivu ya mifupa, damu inapungua, anakuwa mgeni wa hospitali asiyekosa. Mtoto hupata ugonjwa huu akirithi nakala mbili zenye kasoro, moja kwa baba na moja kwa mama. Sasa kitu kinachoua watoto namna hiyo, mbona hakikutoweka zamani?

Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, ndiye aliyelifumbua fumbo. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi Oxford, alirudi Kenya na msafara wa chuo kwenda Mlima Kenya, akakusanya sampuli za damu za makabila mbalimbali. Akaona kitu cha ajabu. Kwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, wenye nakala moja ya selimundu walikuwa wengi, mahali pengine zaidi ya mmoja kwa kila watu watano. Kwa watu wa nyanda za juu hawakuwapo kabisa, au walikuwa wachache mno. Ramani ya selimundu ililingana na ramani ya mbu waenezao malaria. Baadaye alipima watoto nchini Uganda, akakuta wenye nakala moja wana vimelea vya malaria mara chache kuliko wenzao, na mwaka 1954 akatangaza matokeo yake: nakala moja inamkinga mtu na malaria.

Itazameni hesabu yenyewe. Baba ana nakala moja, mama ana nakala moja, wote wazima. Kwa kila mimba, uwezekano ni nusu kwamba mtoto atapata nakala moja, na malaria kali haitampata kirahisi. Robo, hatapata hata moja, na malaria yaweza kumwondoa. Robo iliyobaki atapata mbili, na atazaliwa na ugonjwa. Hakuna aliyekaa akapanga mizani hiyo. Waliokuwa na nakala moja walipona malaria, wakakua, wakazaa. Kasoro ikaenda pamoja nao. Hivyo ndivyo uteuzi wa asili ulivyo. Haukuwa bahati nasibu, maana malaria ilikuwa inachuja kila kizazi. Wala haukuwa ufundi, maana fundi gani angeweka kinga ya wengi ndani ya ugonjwa wa wachache?

Na hapa tunaona mfano wa mashua ulipovunjika. Mashua haizai. Mashua haina watoto wanaofanana nayo kwa tofauti kidogo, ambao baadhi watabaki na baadhi watapotea. Kiumbe hai kinazaa, na katika kuzaa huko, kwa vizazi vingi, mpangilio waweza kujijenga bila mtu kuushika. Swali la Abu Hanifa lilikuwa na majibu mawili. Kwa upande wa viumbe hai, sasa yako matatu.

Je, Darwin amemwondoa Mungu? Hapana, na wanaosema hivyo wanamtwisha asichokibeba. Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani na Mkristo wa dhati, aliikubali nadharia ya Darwin na akabaki na imani yake. Lakini ni kwa Gray huyo huyo, mwaka 1860, Darwin aliandika barua akiungama shida yake: wako nyigu wanaotaga mayai ndani ya kiwavi aliye hai, ili mabuu yao wale nyama yake polepole. Hakuweza kujishawishi kwamba Mungu mwema alikusudia jambo lile.

Sisi hatuna haja ya nyigu wa Uingereza. Mchukueni kimelea cha malaria. Mbu jike anauma. Kimelea kinakwenda moja kwa moja kwenye ini, kinajificha humo kiasi cha wiki moja kikiongezeka kwa maelfu bila mwenye ini kuhisi chochote. Kisha vinatoka, kila kimoja kinaingia kwenye chembe nyekundu ya damu, na kila baada ya saa 48 hivi chembe zinapasuka na homa inapanda. Bandama huchuja damu na kuziondoa chembe mbovu. Basi kimelea kinaigandisha chembe yake kwenye ukuta wa mshipa ili isipitie bandama. Kinga ya mwili hujifunza kuitambua ile gundi. Basi kimelea kina jeni zipatazo 60 za gundi za aina mbalimbali, kinaonyesha moja, na mwili ukishaijua, kinabadilisha.

Niambieni, saa ya Paley ina ustadi gani mbele ya huu? Kama jicho linatoa ushahidi wa msanifu, kimelea hiki nacho kinatoa, tena kwa sauti ileile. Na kama msanifu anajulikana kwa kazi yake, basi tumjue kwa kazi yake yote.

Najua jibu linalokuja, kwa sababu tunalitoa msibani: hekima ya Mungu haichunguziki. Katika sala, neno hilo ni zito na lina faraja yake. Lakini katika hoja, linamfunga mdomo shahidi wako mwenyewe. Huwezi kusema kwamba jicho linaonyesha kusudi la Mungu waziwazi, kisha ukafika kwenye kimelea ukasema kusudi la Mungu limefichika. Likiwa limefichika, limefichika pote. Hume aliliweka hivi: mtu ambaye tayari anaamini kwamba Mungu ni mwema, anaweza kuyapatanisha maovu na imani yake. Lakini mtu anayetaka kuujua wema huo kutokana na ulimwengu, aanzie na ulimwengu kama ulivyo, na ulimwengu kama ulivyo haumfikishi huko.

Si kila pingamizi lina uzito, na haki yadai pande zote zisikilizwe. Lile swali la vijana wa vyuoni, kwamba nani basi alimuumba Mungu, watu hulidhani la mwisho kumbe si la mwisho. Muumini anasema Mungu hakuanza, kwa hiyo haulizwi mwanzilishi. Swali hilo linauma pale tu mtu anaposema kwamba kila mpangilio lazima utokane na akili. Hapo mwenzake atamuuliza, je, akili yenyewe haina mpangilio?

Tena watetezi hawakulala. Siku hizi wameliacha jicho, wamehamia kwenye fizikia. Wanasema, nguvu ya uvutano na viwango vingine vya msingi vya ulimwengu vingekuwa tofauti kidogo tu, nyota zisingedumu na kemia ya uhai isingekuwapo. Huku Darwin hafiki, kwa sababu viwango havizaani. Mwanafalsafa Richard Swinburne wa Oxford ameijenga hoja hii kwa umakini. Wapinzani husema: bila viwango hivi tusingekuwapo kushangaa, kwa hiyo cha kushangaa ni nini? Mwanafalsafa mwingine, John Leslie, aliwajibu kwa mfano wa mtu aliyesimamishwa mbele ya kikosi cha wapiga risasi, wote wakafyatua, wote wakamkosa. Atasema wasingenikosa nisingekuwapo kuuliza, akaenda zake? Atataka kujua kwa nini, na ana haki. Mjadala huo ungali moto. Lakini hata watetezi wakiushinda, watakuwa wamempata aliyepanga namba. Kutoka kwa mpanga namba hadi kwa Mwingi wa Rehema, kungali safari ndefu.

Basi muumini abaki na nini? Kadinali John Henry Newman, msomi wa Kanisa Katoliki, aliandika katika barua ya mwaka 1870 kwamba yeye anauamini usanifu kwa sababu anamwamini Mungu. Hamwamini Mungu kwa sababu ameuona usanifu. Amegeuza mpangilio wa hoja, na kwa kuugeuza amejitoa kwenye mikono ya Hume. Kisomeni pia kitabu cha Ayubu. Mtu amefiwa na watoto, mwili umejaa majipu, anadai maelezo. Mungu anamjibu kwa kumwonyesha bahari, nyota na wanyama wakali. Hatumii viumbe kumthibitishia Ayubu kwamba yuko. Ayubu hakuwa na shaka juu ya hilo.

Nasema haya kwa sababu hoja ina wasikilizaji. Wakati mhubiri au ustadhi anaposimama kusema kwamba kila kiungo cha mwili ni ushahidi wa fundi mkamilifu, kwenye umati ule yumo mama aliyekesha wodini na mtoto wa selimundu. Hoja hiyo haimwambii kwamba mwanawe ni fumbo. Inamwambia, kama ataifuata hadi mwisho, kwamba mwanawe ni kazi iliyokusudiwa. Sidhani mhubiri alitaka kumwambia hivyo. Basi asimpe mama huyo hoja ambayo yeye mwenyewe haivumilii mpaka mwisho. Na asiyeamini naye asijidanganye kwamba akiishinda hoja hii amemaliza kazi. Ameshinda kesi moja, na wako waumini wengi ambao hawakuwahi kuifungua kesi hiyo mahakamani.

Mjadiliane vibarazani, mtuandikie, na mnaotupinga mtupinge kwa hoja.